Chuma na Kitanda cha Nne

Mtaani kwetu, chupa ikigoma kufunguka, watu hawakuhangaika nayo. Waliipeleka kwa wifi yangu. Aliifuta kifuniko kwa upindo wa gauni, akaishika mara moja, tak! Mwenye chupa akarudi kwake na shukrani, na kama ni mwanamume, na aibu kidogo. Ndiyo maana walimwita Chuma. Kaka yangu, ambaye ndiye mume wake, alipenda kusema kwamba yeye anaogopa vitu viwili tu duniani, radi na mkono wa mke wake. Watu walicheka, naye Chuma alicheka kuliko wote.

Mimi na yeye tulifanya kazi kiwanda kimoja, mashine moja, zamu tofauti. Mimi asubuhi, yeye mchana. Kiwanda kinatengeneza ving'ora vya gesi, vile vya kubandika jikoni, vinavyopiga kelele gesi ikivuja. Kabla king'ora hakijavikwa plastiki yake, ile bodi ya ndani lazima ipimwe, na hiyo ndiyo kazi yetu. Mashine yetu ina vitanda vinne. Mafundi wana jina lao la kitaalamu, wabaki nalo. Sisi tunasema vitanda kwa sababu bodi unailaza. Chini yake kuna sindano nyingi nyembamba zimechomoza. Unavuta mfuniko wenye mpini, unaukandamiza mpaka ugote, sindano zinaigusa bodi, kompyuta inapima, taa inawaka. Kijani, inaendelea na safari. Nyekundu, inaingia kwenye kreti la mbovu.

Vitanda viwili viko kushoto mwa skrini na viwili viko kulia. Vya kushoto unavifunga kwa mkono wa kushoto, vya kulia kwa mkono wa kulia, na ukishazoea mikono inapokezana yenyewe bila kukiuliza kichwa ruhusa.

Chuma alikuwa mpimaji bora kuliko sisi sote. Sisemi hivyo kwa sababu ni wifi yangu. Wifi ni mtu wa mwisho unayetaka kumsifu, wanaojua wanajua. Lakini kila zamu ikiisha printa ilitoa karatasi ya vipimo, na Fundi Vipimo, kijana anayesimamia mashine zote za kupimia pale kiwandani, alizichukua karatasi zetu zikiwa zimechanganyika, akachomoa moja bila kusoma jina. "Hii ya Dada Chuma." Hakukosea hata siku moja. Ukipima bodi moja mara nyingi, namba hazitoki sawasawa kabisa, zinacheza kidogo. Za Chuma zilicheza kidogo mno. Zangu zilitawanyika kiasi. Za Afande, mpimaji wa zamu ya tatu, zilitawanyika zaidi, maana yule mzee aliwahi kuwa askari jela na mpaka leo anafunga mfuniko kama kuna mtu ndani anataka kutoroka.

Fundi mwenyewe alifundishwa na Chuma. Alikuja pale hajui kuilaza bodi vizuri, Chuma akamshika mkono kwa mkono, kisha yeye akaenda kusoma zaidi na kurudi na cheo. Hakusahau. Mpaka amepata ofisi yake yenye kiyoyozi alikuwa bado anamwamkia kwa heshima.

Sasa, shida ilianza polepole. Kreti la mbovu la zamu ya mchana likawa linajaa. Asubuhi mimi nikija, naambiwa nizipime tena zile bodi, na nyingi zinawaka kijani. Mbovu jana, nzima leo! Tena zilizokataliwa karibu zote zilitoka vitanda vya kulia, na zaidi kitanda cha nne, kilicho pembeni kabisa. Kile kitanda tukakibatiza Mkwe, kwa sababu huwezi kumridhisha hata ufanyeje. Tulikipuliza vumbi. Tukakisugua sindano kwa kifutio cha penseli. Fundi akabadilisha sindano zote za Mkwe, akakaa siku chache, akazibadilisha tena. Mchana ukifika, nyekundu, nyekundu, nyekundu.

Bosi wa uzalishaji alishuka kutoka ofisini kwake. Ni mtu wa kusema kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo inayoudhi zaidi.

"Asubuhi hakuna tatizo," alisema. "Usiku hakuna tatizo. Mchana tu. Mashine haijui saa. Mimi naona uzembe."

Chuma alikuwa amefika kuanza zamu yake. Alisimama, mkono wa kulia ameutia mfukoni mwa koti la kazi. Mimi ndiye niliyelipuka.

"Uzembe? Huyu? Bosi, huyu alikuwa anapima bodi hapa wewe ukiwa bado hujaijua njia ya kuja hapa!"

"Basi amechoka," alisema bosi, bado kwa sauti ileile. "Mwisho wa mwezi nitaweka mtu mwingine."

Hapo Fundi akaingilia. Aliomba, tena kwa adabu, kwamba mtu asihukumiwe kabla mashine yenyewe haijapimwa. "Tunapima bodi kila siku," alisema, "lakini hatujaipima hii inayopima. Nipe nafasi nijue tofauti inatoka wapi. Kwenye bodi, kwenye vitanda, au kwa watu." Bosi akatazama saa yake, akakubali. Fundi alipopita karibu na Chuma alimnong'oneza, "Usiwe na wasiwasi, Dada. Mkwe ndiye mgonjwa, na nitathibitisha."

Nilifurahi. Nilimpigia Chuma kofi la begani, nikamwambia sasa utaona bosi anavyomeza maneno yake. Yeye alitabasamu nusu, akaenda kukaa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Fundi alichagua bodi kumi, akazibandika alama upande wa chini tusioweza kuuona. Kila mmoja wetu, mimi, Chuma na Afande, alitakiwa kuzipima zote kwenye vitanda vyote vinne, kisha zichanganywe, aanze upya, kisha upya tena. Nilimuuliza kwa nini usumbufu wote huo. Akanijibu, "Ukipima unga uleule kwenye mizani nne ukapata uzito wa aina nne, utaulaumu unga?" Nikasema hapana. "Na je, mizani ikiwa moja, ila kila anayepima anapata lake?" Nikasema basi mmoja wao ameweka kidole. Akacheka. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu hakucheka tena kwa muda mrefu.

Mimi nilimaliza mapema. Afande alifunga wafungwa wake wote salama. Ilipofika zamu ya Chuma nilikaa pembeni nimtazame, nikimwombea. Mzunguko wa kwanza aliufanya kwa kusimama, na sisi huwa tunakaa. Kwenye vitanda vya kulia aliegemea mpini kwa kifua chote. Nikasema moyoni, haya, leo kaamua. Mzunguko wa pili alikuwa anatoka jasho usoni. Mzunguko wa tatu alikaa, akafunga taratibu, na baada ya kila mfuniko wa kulia alikuwa anaukung'uta mkono chini ya meza, kama mtu anayekung'uta maji.

Niliona, jamani. Niliona kwa macho yangu mawili na sikuelewa kitu.

Keshokutwa yake Fundi alinifuata kantini wakati wa chai. Hakuagiza kitu. Alitandaza karatasi mbele yangu. Ilikuwa na michoro mitatu, mstari mmoja kwa kila mtu, kutoka kitanda cha kwanza hadi cha nne.

"Huu ni wako, shangazi. Umenyooka. Huu wa Afande, una mikunjo lakini umenyooka. Maana yake nini? Maana yake Mkwe hana kosa. Vitanda vyote vinne ni vizima."

"Na huu?"

"Huu wa Dada."

Mstari wa Chuma ulitembea pamoja na yetu kitanda cha kwanza na cha pili. Kwa kweli ulikuwa umetulia kuliko yetu. Kufika cha tatu ukaachana nasi ukapanda, na cha nne ukapanda zaidi. Akanionyesha pia kwamba mzunguko wa kwanza haukuwa mbaya sana, wa pili ukazidi, wa tatu ukaharibika kabisa.

"Mfuniko usipokandamizwa vya kutosha," alisema, "sindano zinagusa bodi juu juu, na kipimo kinatoka kibaya. Tatizo si kitanda. Si yeye pia, kwa sababu kushoto hakuna anayemfikia. Tatizo liko pale mkono wake wa kulia unapokutana na mpini." Aliniinamia. "Shangazi, mkono wake una nini?"

Mimi sina subira, na siku hiyo nilikuwa nayo kidogo kuliko kawaida. Nilimwambia maneno. Nilimwambia ulisema utamwokoa, sasa umemtafutia kamba. Nilimwambia afute mzunguko wa tatu, abaki na wa kwanza, nani atajua?

"Nikifuta," alisema, "bosi atamtoa mwisho wa mwezi kwa uzembe. Na mkono utabaki vilevile." Alikunja karatasi yake. Macho yalikuwa mekundu. "Nilijua ni Mkwe. Wallahi nilijua ni Mkwe."

Jioni ile Chuma alikuwa uani anafua mashuka. Nyumba yetu ni moja, wao vyumba vya mbele, mimi vya nyuma, uani tunachangia. Sikumwambia kitu. Nilishika ncha moja ya shuka lililoloa, nikampa ncha nyingine tulikamue pamoja, kama tulivyofanya tangu aolewe. Mimi nikazungusha kulia, yeye kushoto. Siku zote ni mimi niliyekuwa naachia, nikilalamika kwamba ataning'oa bega. Safari hii nilizungusha kidogo tu, shuka likamchomoka mkononi likaanguka kwenye matope.

Tulilitazama wote wawili. Chuma aliinama kuliokota, kwa mkono wa kushoto.

"Nipe huo mwingine," nilimwambia.

"Wifi, acha."

"Nipe!"

Nilimshika kiganja kwa nguvu, nikakifungua. Kile kinofu cha chini ya dole gumba, ambacho kila mtu anacho, kilikuwa kimelala. Kimebonyea kabisa. Nilipobonyeza ncha za vidole vyake hakuhisi kama ni mimi au ni upepo.

"Tangu lini?"

"Muda," alisema. "Ulianza na ganzi usiku. Naamka mkono umekufa, naupigapiga mpaka unafufuka. Baadaye ukawa hata mchana haufufuki vizuri."

"Kaka anajua?"

Alitikisa kichwa. Nikakumbuka watoto wake walivyokuwa siku hizi wakileta chupa za majirani na kuambiwa pelekeni kwa baba yenu, mama ana kazi. Tulidhani amechoshwa na majirani. Hata mimi ningechoshwa.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua!" nilimfokea. "Hujawahi kusikia? Hospitali ile pale, unaiona na paa lake, ungekwenda tangu mwanzo!"

"Ningewaambia nini?" Sasa naye alipandisha sauti. "Niwaambie Chuma ameshika kutu? Pale kiwandani mimi ni nani, wifi? Sina cheo, sina cheti. Nina mkono. Wote wananijua kwa mkono. Huyo Fundi wenu anaijua karatasi yangu bila kusoma jina! Ukiondoa mkono, kinabaki nini?"

Nikalia. Akanifokea kwamba mgonjwa ni yeye na mimi ndiye ninayelia, kisha naye akalia, na shuka likabaki pale chini mpaka kaka yangu akatoka kuuliza kama kuna msiba.

Kikao kilikuwa ofisini kwa bosi. Fundi alituita wapimaji wote watatu. Hakutaja jina la mtu. Alisema mtu wa kwanza, mtu wa pili, mtu wa tatu, akieleza mistari yake bila kututazama. Alipofika kwa mtu wa pili alianza kuzungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Kwa hiyo mashine ni nzima," alisema bosi. "Huyo mtu wa pili ni nani?"

Afande alitazama kofia yake. Mimi nilitazama ukuta.

"Mtu wa pili ni mimi," alisema Chuma. Alitoa mkono mfukoni, akauweka juu ya meza ya bosi, kiganja juu, kati ya simu na kikombe cha kahawa. "Haushiki. Si uzembe. Haushiki."

Bosi aliutazama. Kwa mara ya kwanza nilimwona hana sauti, si ya chini wala ya juu. Kisha akasema pole, na kwamba basi ni wazi, mtu wa pili itabidi abadilishwe.

"Bosi," alisema Fundi, "ukimbadilisha mtu, umefunika tu. Mashine inayobadili jibu kwa sababu mkono umebadilika haijakamilika. Leo ni huu, kesho ni mkono wa mwingine aliyelala vibaya, au mwenye hasira. Tuweke mifuniko inayojifunga yenyewe kwa hewa. Mpimaji analaza bodi, anabonyeza kitufe, basi. Nguvu ni ileile kila mara. Hata Dada anaweza kubaki."

Bosi aliuliza maswali mawili matatu, akakubali. Tulitoka pale mimi nikitaka kumkumbatia Fundi na kumpiga kwa pamoja. Chuma alipita mbele yake bila kumwangalia. Alimsikia akimwita, akaendelea kutembea.

Hospitali walisema mshipa wa fahamu ulikuwa umebanwa pale kwenye kifundo cha mkono. Walimpasua. Ganzi ya usiku ikaisha, akaanza kulala. Lakini daktari, mama mmoja mpole, alimwambia wazi kwamba nyama iliyolala hairudi kirahisi, na pengine haitarudi. "Ungekuja mapema," alisema. Chuma akajibu, "Ndiyo," kama mtoto anayejibu mwalimu.

Aliporudi kazini, mashine ilikuwa imebadilika. Mipini haikuwepo. Kila kitanda kilikuwa na bomba lake la hewa, na mbele ya mpimaji kulikuwa na kitufe kikubwa cha kijani. Unabonyeza, psss, mfuniko unashuka wenyewe. Chuma alikuwa anabonyeza kwa mkono wa kushoto na kulaza bodi kwa mkono wa kulia, polepole. Kreti la mbovu la mchana likawa jepesi kama la asubuhi. Watu walimpongeza. Walisema Mungu mkubwa, amebaki na kazi yake. Nami nilisema hivyohivyo.

Kisha Fundi akataka kurudia zoezi lake, kuona kama mabadiliko yamefaa. Bodi kumi, vitanda vinne, watu watatu. Afande alikuwa likizo, kwa hiyo badala yake akachukuliwa binti mmoja kutoka sehemu ya kupakia, ambaye hajawahi kuigusa ile mashine. Fundi alisema hilo ni zuri zaidi. Binti akafundishwa asubuhi ileile, akapima, akarudi kwenye maboksi yake.

Matokeo yalipotoka Fundi alikuja mbio, karatasi mkononi, uso umeng'aa. Nilikuwa namkabidhi Chuma zamu. Alitandaza karatasi juu ya mashine mbele yetu.

"Tazameni! Mistari mitatu, na ukiilaza pamoja ni kama mmoja. Hakuna mtu anayeonekana hapa. Hii ndiyo mashine nzuri. Dada, tumeshinda!"

Chuma hakuwa amezungumza naye tangu kile kikao. Aliinama akaitazama karatasi kwa muda, karibu kabisa, kama mtu anayetafuta uzi mweusi kwenye nguo nyeusi.

"Wangu upi?" aliuliza.

Fundi aliitazama ile mistari, akaigeuza karatasi upande, akairudisha. "Sikuandika majina," alisema. "Inabidi niangalie kwenye kompyuta."

"Usiangalie kwenye kompyuta. Zamani ulikuwa unaujua."

"Zamani ndiyo, Dada."

"Sasa?"

Yule kijana alinigeukia mimi, kana kwamba mimi ningeweza kumsaidia. Furaha yote ilikuwa imemtoka usoni. "Sasa siwezi kuujua," alisema. "Wako, wa shangazi, wa yule binti. Ni sawa wote."

Chuma alitikisa kichwa taratibu. Nilidhani atamtukana, na nilitamani amtukane, ingenipunguzia mimi pia. Badala yake alimpa mkono, ule wa kulia, na Fundi akaupokea kwa mikono yake miwili, na nadhani hapo ndipo alipohisi ulivyo mwepesi.

"Umefanya kazi nzuri, Fundi," alimwambia. "Nilikufundisha vizuri."

Kisha akavuta kiti, akakaa, akalaza bodi ya kwanza kwenye kitanda cha nne. Alibonyeza kitufe. Mkwe akajifunga mwenyewe, taa ikawaka kijani, naye akanyoosha mkono kuchukua bodi nyingine.